Marhamu ya Ganzi na Maji ya Kufutia

Niliporudi Kalamba na diploma yangu ya famasi, miaka ya themanini, hapakuwa na mwingine sokoni aliyesomea dawa ng'ambo. Duka nililijenga kwa jasho langu, nikaitundika diploma mkabala na mlango ili mtu aione kabla hajaniona mimi. Watu waliniita daktari. Sikuwakataza.

Nakumbuka fundi wa matofali, mlokole, aliyekuwa ameoa karibuni. Alisubiri duka liwe tupu, akaomba dawa ya kichwa, kisha akabaki amesimama.

"Kichwa ndicho kinachokuuma kweli?"

"Daktari, kitandani namaliza kabla sijaanza. Mke wangu hasemi kitu, anageukia ukuta."

Nilimpa marhamu ya ganzi, jamii ya ile anayopaka daktari wa meno kabla ya sindano. Nikamweleza vizuri, maana kueleza najua: apake kidogo, mahali pasipo na kidonda, asubiri kama robo saa, kisha aoshe kabla ya kumgusa mkewe. Haiponyi, inachelewesha tu. Akizidisha, naye hatasikia kitu. Akiona inawasha, aache.

"Usisahau kuosha."

"Daktari, kuoga najua."

Baada ya muda mkewe aliingia, macho mekundu.

"Daktari, nikilala na mume wangu nakufa ganzi huku chini. Baadaye inaisha. Nimeombewa na akina mama wa kanisa, bado. Mmoja anasema mume wangu amekwenda kwa mganga anifunge nisitoke nje. Jumamosi narudi kwa mama. Sirudi tena huku."

Nilielewa papo hapo; mwingine angempa vidonge vya minyoo. Lakini siri ya mteja haitoki dukani. Nilimwambia huo si uchawi, na aje na mumewe kabla ya Jumamosi.

Walikuja Ijumaa. Nilimvuta mume nyuma ya kabati.

"Uliosha?"

"Kwa maji gani, daktari? Mke wangu anayachimba mchangani mtoni, anayaleta na punda. Kila mtungi anajua una kazi gani. Nikigusa, ataniuliza ya nini."

"Basi dawa yote imemwishia yeye. Mwambie, au umpeleke wewe mwenyewe kwa mama yake."

Alitoka, akamwambia huku akiangalia sakafu. Mkewe akanigeukia.

"Kwa hivyo mganga ndiye huyu?"

"Mwenye diploma, mama," nilisema.

Hakucheka. Alimkabili mumewe. "Nimefunga sanduku. Nimemwaga machozi mbele ya kanisa zima. Kumbe unaogopa kuniomba kikombe cha maji?"

Niliwaambia kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, mradi afute vizuri. Au avae mpira, dawa isimfikie mke.

"Mpira hapana. Natafuta mtoto," alisema mke. "Hiyo dawa iko wapi?"

Mume aliitoa mfukoni. Mke akaitia kikapuni.

"Nitaiweka mimi. Ukiitaka, utaniomba, na maji nitakupa. Nikisikia ganzi tena, sanduku bado limefungwa."

Jumamosi nilifungua mapema, nikasimama mlangoni. Gari la kwanza la kwenda kwao yule mke lilipakia watu, likaondoka. Muda mfupi baadaye alipita akimswaga punda, mitungi mitupu ikigongana, akishika njia ya mtoni.