Chura Niliyempa Baba

Juzi, kando ya bwawa, nilimwona kijana akimtundika chura mzima kwenye ndoano. "Mzee, chambo hiki kambare hawezi kukikataa," akaniambia. Ilibidi niketi.

Nikiwa mdogo, pale mtaa wa Ziwani, nilimwokoa chura kwenye mtaro uliojaa maji ya sabuni, nikamweka ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Ulinuka mafuta na matope, naye alikoroma humo kama mtu mzima. Nilitaka kumfuga. Baba alifanya kazi reli, na siku za mapumziko alivua samaki. Akachuchumaa kando yangu.

"Kijana wangu, huyu atakufa humu. Nipe nikamwachilie bwawani, kuna wenzake."

Nililia, kisha nikampa. Nilijiona mwanamume.

Jioni alirudi na kambare mnene.

"Na chura wangu?"

"Aliruka majini, hata hakugeuka nyuma."

Nilifurahi mpaka nikaongezewa ugali.

Shule sikumaliza, lakini nimejijenga kwa mikono yangu, na miaka yote nimejisifu kwamba hakuna mtu amewahi kunidanganya. Baba yuko kaburini, siwezi kumuuliza. Na yule samaki nilimla mpaka nikafyonza mifupa.