Waling'oa komeo la choo eti kwa sababu nina sukari

Wakuu, kamwene. Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Iringa, na hata nikiwa na hasira salamu siiachi.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja na jicho moja. Shule niliishia la nne. Mkiona herufi zimepinda zinyoosheni, lakini uongo humu hamtaukuta.

Nina sukari. Nina presha. Magoti yamelika, jicho la kushoto linaona moshi tu. Mwaka jana sukari ikala kidole cha mguu, hospitali wakakikata. Ndipo mwanangu Neema akanitoa Kalenga, kwenye mahindi yangu na kuku wangu, akanileta kwake Mbeya.

Nashukuru. Naliandika hilo mapema kabla hamjanirukia.

Lakini humo ndani nikaanza kuvuliwa vitu kimoja kimoja kama kuku anayenyonyolewa. Kwanza kisu, eti nikijikata kidonda hakiponi. Sawa. Kisha jiko. Sawa. Kisha akawa ananiogesha, ananigeuza kama gunia la viazi. Nayo sawa, maana mgongo siufikii kweli.

Siku moja sukari ikashuka nikiwa chooni, nikaanguka. Nilikuwa nimefunga kwa ndani, ikabidi wavunje. Walipotengeneza mlango, Neema akang'oa komeo.

"Mama, wewe sasa ni kama mtoto. Mtoto hajifungii."

Kama mtoto! Huyo Neema nilimzaa shambani, nikambeba mwenyewe hadi nyumbani na jembe begani!

"Na mkwe wangu je?" nikamuuliza.

"Baba Gwamaka si yuko Chunya muda wote, mama." Huyo ndiye mumewe, kazi yake machimbo ya dhahabu.

Kwa msiojua, kwetu Wahehe mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Kukaa kochi moja tu ni shida. Na yeye Mnyakyusa, kwao ukwe mkali kuliko pilipili.

Sasa asubuhi moja huyo mkwe akarudi bila taarifa, vumbi la Chunya hadi kwenye kope, tumbo limemchafuka. Akakimbilia choo. Akasukuma mlango.

Mimi nimo. Khanga iko juu.

Wakuu, yule baba alirudi kinyumenyume akaparamia ndoo, ndoo ikapiga kelele, na yeye akapiga kelele kuliko ndoo. Chai hakunywa. Aligeuza siku hiyohiyo kurudi Chunya.

Neema akacheka!

"Si bahati mbaya tu, mama. Mbona unaikuza?"

Ningekuwa na miguu yangu ya zamani ningemchapa na utu uzima wake.

Tangu hapo nikaacha kunywa maji. Usipoingiza, hutoi. Chooni naenda wote wakishatoka. Midomo ikapasuka, kichwa kinazunguka, nikakaza. Nina kiburi, ndiyo. Kiburi ndicho kitu pekee ambacho sukari haijanikata.

Siku ya kliniki, daktari, kijana tu, akamuuliza Neema. Siyo mimi.

"Bibi anakunywa maji ya kutosha?"

"Anakunywa sana."

"Sinywi," nikasema. Wakageuka wote wawili kama kabati limeongea.

"Kwa nini, bibi? Utaua figo."

"Maji yakiingia lazima yatoke. Na pa kuyatolea hapafungwi."

Nikamweleza yote. Hata waliokuwa kwenye foleni nje walisikia, maana sauti bado ninayo.

Njiani Neema analia, "Mama, umeniaibisha."

"Wewe watu wamesikia habari zako. Mimi nimeonwa."

Tulipofika akampigia mumewe simu.

Mkwe akaja na kitasa kipya. Alikifunga akiwa amenipa mgongo, anaongea na ukuta.

"Mama, ukifunga ndani, nje kinafunguka kwa bisibisi, ukizidiwa. Bisibisi anakaa nayo Neema. Mimi sitaigusa."

"Ndaga, mwanangu," nikamshukuru kwa lugha yao.

Ukuta ukajibu, "Nisamehe, mama."

Kumbe ilikuwa kazi ya muda mfupi hivyo! Miezi yote ile naitwa mtoto, dawa ilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Nikanywa kikombe kizima cha maji mbele yao. Nikasubiri. Nikaenda na fimbo yangu, nikafunga. Neema akaja mlangoni, "Mama, uko salama?" Nikamwambia, "Piga hodi kwanza."

Akapiga.

Nyie wenye wazee ndani, nisikilizeni. Mguu ukifa haina maana aibu nayo imekufa. Mkitaka kutuondolea kitu, tuulizeni, midomo tunayo.

Karibuni mchangie, hata matusi nitasoma. Ila anayekuja kuniambia nimshukuru mwanangu ninyamaze, aanze kwanza kung'oa komeo la choo chake, kisha amkaribishe mama mkwe wake nyumbani. Tutaongea vizuri.