Barua Niliyomsainia Marehemu

Usiku ule wa kuamkia usaili, nilijilaza nikijua sitalala, maana mimi simwamini mtu. Mfuko mmoja wa ufadhili ulikuwa unasomesha wasichana wa uhandisi kutoka kwetu wafugaji, ambako msichana anayesomea umeme hapatikani hata kwa tochi. Tangu lini sisi tukatafutwa? Nilinusa mtego. Ila bila wao muhula ule ndio ungekuwa wa mwisho kwangu chuoni, basi nikaomba.

Kilichonikosesha amani hasa ni barua. Walitaka ya mapendekezo, kutoka kwa mwalimu wa sekondari anayenifahamu. Wangu alikuwa Mwalimu Komba wa fizikia, na utaratibu wake tuliujua wote: ukimwomba barua, anakwambia uandike mwenyewe umpelekee asaini. Sasa alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Nikaandika kama kawaida, nikamsainia, na kile kimkia chake cha mwisho nikakiweka. Nikaituma.

Usingizi uliponichukua nikajikuta maabara ya shule yetu. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya stuli, koti lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Enzi za uhai wake hakuwahi kufunga hata kimoja. Nikajisemea, huyu katumwa na watu wa mfuko.

"Shikamoo," nikasema, sikuingia.

"Marahaba, Naserian. Mbona mlangoni?"

"Kwanza niambie, swali gani lilinishinda kwenye mtihani wa majaribio?"

"La transfoma. Ukaenda kulia chooni ukadhani hatujui."

Loo! Ni yeye. Nilitaka kulia tena palepale.

Ananyoosha mkono, na barua naikuta mfukoni mwangu. Anaisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari. Maabara haipo tena. Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, na ndani nasikia wanalitaja jina lake, mara mbili, mara tatu. Namvuta koti.

"Mwalimu, ingia uwaambie ni yako. Neno moja tu, tafadhali."

Hasogei. Ananitazama vile ninavyowatazamaga watu, na aibu inanipanda.

"Alitengeneza jenereta ya shule. Kweli," anasema. "Aliwafundisha wenzake jioni. Kweli." Anaikunja karatasi. "Yote kweli, mwanangu. Sasa mimi umeniweka hapa wa nini?"

"Ningeandika mimi, nani angeniamini?"

"Na wewe umemwamini nani?"

Mlango unafunguliwa. Anasimama, ananirudishia barua, na sauti yake inakuwa ileile ya darasani.

"Nenda kawaambie nimekufa. Mengine yaseme mwenyewe."

Niliamka kumeshapambazuka, shuka limelowa jasho. Mwenzangu wa chumba akaniuliza kulikoni, nikamwambia hamna kitu, nikavaa. Njia nzima nilikuwa najibishana na marehemu: rahisi kwako kusema, Mwalimu, wewe hufukuzwi chuo.

Kwenye chumba cha usaili, mama mmoja wa mfuko alikuwa na barua yangu mezani. Alifungua mdomo kuniuliza, nikamuwahi, hata kukaa sijakaa.

"Mwalimu Komba amefariki, mama. Hiyo niliandika mimi, na sahihi nimeghushi. Ila mambo yaliyomo niliyafanya kweli. Nileteeni kitu chochote kibovu, nikifungue na kukitengeneza mbele yenu."