Kibao Shingoni mwa Baraka

Harufu ya kwanza ya Toronto iliyoniingia kichwani ikakataa kutoka si ya theluji, maana theluji haina harufu. Ni ya nyumba ya Granny Vee: wali wa nazi na maharagwe, pilipili ya kuwasha pua kabla haijafika mdomoni, na dawa ya kuchua aliyojipaka magotini. Tulikaa Crescent Town, ghorofa ya juu, mlango wetu ukitazamana na wake. Yeye alikuwa bibi wa Kijamaika, mjane, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye lifti. Mama alikuwa akienda kiwandani alfajiri, kwa hiyo mdogo wangu Baraka alishinda kwa bibi huyo tangu hajajua kutembea, na mimi nikitoka shule nilipitiliza hukohuko. Baraka alijifunzia kusema pale. Na alisema, jamani! Alipofika miaka minne alikuwa anaamka na maneno na kulala nayo, anawasimulia njiwa wa roshani, anagombana na televisheni, anamkemea kila aliyepita kwenye korido.

Alisema Patwa, lugha ya Wajamaika. Ndivyo Granny Vee mwenyewe alivyoiita. Mwalimu wangu aliiita lahaja, kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma. Watu wa kwenye lifti waliiita Kiingereza kilichovunjika. Mama aliiita kelele za wahuni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, kichwani bado nina Kiswahili cha Morogoro, na niliona inaingilika kuliko Kiingereza chenyewe. Kiingereza cha shule hakitofautishi wewe na nyinyi, wote mnapewa neno moja mgawane. Granny Vee alikuwa na "unu", na akisema "unu come nyam" tulijua sote tunaitwa kula. Kitu kidogo mno kilikuwa "likkle-likkle", neno mara mbili, kama sisi tunavyosema kidogo kidogo. Chumba kikiwa shaghalabaghala, yeye alisema "chaka-chaka". Vitenzi hakuvisumbua, kama jambo limepita alitanguliza "did", "mi did go", yakaisha. Eti imevunjika! Imevunjika wapi?

Mama ndiye aliyejua wapi. Morogoro alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwenye shule ya binafsi, mwalimu wa kuogopwa. Toronto alikuwa anapanga biskuti kwenye maboksi, na msimamizi wake alimtaka kila mara arudie alichosema. Nyani haoni kundule: Kiingereza chake kilinukia Uluguru kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Basi Jumamosi moja wakaja wageni, Watanzania wenzetu, Baraka akawapokea kwa Patwa yake yote, mikono kiunoni. Wakacheka hadi machozi. "Mwalimu, huyu umemwokota wapi?" Mama naye akacheka. Walipoondoka hakuwa anacheka tena.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. Akachukua kifuniko cha kopo la siagi, akakitoboa, akatia uzi. Mliosoma shule za Kiingereza huko nyumbani mnakijua kitu hicho: kibao cha kumvisha mtoto anayekamatwa akisema Kiswahili. Mama alikuwa amewavisha watoto wa watu miaka na miaka. Sasa akakivusha bahari. Aliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: NINAONGEA KAMA MJINGA. Baraka hakujua kusoma. Alidhani ni medali. Alijitazama kwenye kioo cha oveni akajipiga kifua, na kila alipokamatwa tena alinyoosha shingo mwenyewe avishwe. Nilimwomba Mama amvue. Akaniuliza kama nami nataka cha kwangu.

Jumatatu Baraka akaenda nacho kwa Granny Vee, anaringa. Ilikuwa likizo ya Machi, nami nilikuwepo. "Granny, look! Mi get prize!" Bibi akafuta mikono, akatafuta miwani, akasoma. Akasoma tena. Sijapata kuona mtu mzima akiaibishwa namna ile, tena na mtoto anayetabasamu. Hakusema lolote baya. Alimwambia ni kizuri kweli, amwazime kidogo, akamvua na kukivaa yeye. Akatupikia, akatulisha, akamwogesha Baraka, kibao kikining'inia juu ya aproni. Mama alipogonga jioni, Granny Vee alimfungulia vilevile alivyokuwa.

"Kwangu ndiko alikojifunza," alisema, safari hii kwa Kiingereza cha taratibu, kile anachokwenda nacho kanisani. "Kwa hiyo hiki ni changu."

Mama angeweza kuomba radhi. Neno moja tu, na mtoto angebaki na bibi yake. "Mama, nakuheshimu," akamwambia bibi, na sauti ilikuwa ya darasani, "lakini hiyo si lugha. Sitaki mwanangu aje kupiga deki maisha yake yote kwa sababu yako." Granny Vee alikuwa amesafisha sakafu za hospitali mpaka alipostaafu, na Mama alilijua hilo. Bibi akatukabidhi begi la Baraka na kofia yake, akafunga mlango. Kwetu haukufunguliwa tena. Baraka aliupiga kwa viganja akimwita, na ndani redio ya mahubiri ikaongezwa sauti. Namlaumu na yeye kwa hilo. Mtoto alikosa nini?

Akapelekwa kwa mlezi mwingine, na huko akanyamaza. Theluji iliyeyuka, joto likaja, Baraka kimya. Akitaka maji alionyesha kidole. Akijaribu kufungua mdomo, Mama alimwinamia kwa jicho la kusahihisha, naye akaufumba. Sauti iliporudi, karibu na kuanza darasa la kwanza, ilikuja na Kiingereza safi, maneno ya kutosha shughuli na hakuna la ziada. Mama alipiga simu Morogoro kushangilia. "Msikieni, kama Mzungu!" Akamwekea simu sikioni. Baraka akasema habari za mchana, akairudisha.

Siku hizi Patwa imekuwa mali. Vijana wa mtaa wa Agincourt ambao wazazi wao wametoka China na Sri Lanka wanaichomeka katika kila sentensi, inachapwa kwenye fulana, na asiyeijua ndiye anayechekwa. Sisi tulihamia Brampton, Baraka amekuwa mwanamume mwenye ndevu na anakaa chumba cha chini ya nyumba. Mezani humwambia Mama ndiyo, hapana, asante. Majuzi nilimkuta Mama ameketi kwenye ngazi za kushukia kwake, sahani ya chakula imepoa mapajani. Chini, Baraka alikuwa kwenye simu na rafiki zake, Patwa inambubujika, hadithi haina mwisho, anacheka mpaka anakohoa. "Kumbe anaongea hivi," Mama akaninong'oneza. Akanishika mkono. "Anasemaje? Niambie anasemaje."

Nilikuwa naelewa kila neno. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasogea, ngazi ikalia, na kule chini maneno yakakatika papo hapo. "Yes, Mother?" Baraka akauliza, kwa adabu. "Do you need something?" Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akaiweka sahani kwenye ngazi, akapanda juu.