Uzito wa Shuka za Kitanda cha Sita

Kwa miaka kumi na tisa, nguo zote za wodi ya wazazi zilipita mikononi mwake. Wauguzi walimwita Mama Povu, na jina hilo hakulichukia. Alisema povu ndilo shahidi kwamba sabuni haijalala. Chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, kikiwa na mabeseni matatu ya saruji na bomba lililokohoa kabla ya kutoa maji. Mafurushi yaliteremshwa kwake yakiwa yameandikwa namba ya kitanda, ili shuka zisipotee.

Asubuhi moja aliletewa furushi la kitanda cha sita. Alipolinyanyua, mkono ulisita. Akaliweka chini, akalinyanyua tena. Kisha akaliacha pale pale, akapanda ngazi na gambuti zake zinazotiririka maji, jambo ambalo mfuaji hakuruhusiwa kulifanya, akamkuta mkunga mkuu mezani anaandika.

“Samahani, Sista. Mama wa kitanda cha sita anaendeleaje?”

Mkunga mkuu akafungua faili, akamjibu kwamba ni mzima, amejifungua salama na ametoka damu ya kawaida, kama mililita mia tatu hivi.

“Kitambaa kikavu nakijua, na kilicholowa nakijua,” alisema Mama Povu. “Hivi nilivyoletewa si vya mia tatu. Nenda kamwangalie.”

Mkunga mkuu angeweza kumrudisha kwenye mabeseni yake. Badala yake aliinuka. Walimkuta mzazi amelala kimya, watu wakidhani amechoka tu, kumbe midomo imepauka na mapigo ya moyo yanakimbia. Daktari akaitwa, dripu zikatundikwa, akachomwa dawa ya kukaza mji wa mimba, akaongezewa damu. Alasiri yule mama alikuwa anawalalamikia wauguzi kuwa chai yao haina sukari. Mama Povu alipopata habari hiyo alisema mgonjwa akianza kulalamika, amepona.

Kesho yake mkunga mkuu aliteremka chumba cha kufulia, akapindua ndoo, akaketi. Alikuwa katikati ya masomo ya juu, na kwa miezi alikuwa anatafuta jambo la kulifanyia utafiti. Akamwomba mfuaji amweleze alijuaje. Mama Povu hakuona kama ni jambo la ajabu. Alisema jicho huona wekundu tu. Damu kidogo ikitapakaa kwenye shuka pana, watu hushtuka. Damu nyingi ikinywewa na kitambaa kinene, hakuna anayeijali. Ila mkono haudanganyiki, kwa sababu unabeba.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kamati ya utafiti ya hospitali iliwahoji mpaka ikaridhika. Kila kitambaa kingepimwa kikiwa kikavu, kisha kingepimwa kikiwa kimelowa; kila gramu iliyoongezeka ingehesabiwa kuwa karibu mililita moja ya damu. Mkunga angeandika makadirio yake ya macho kwanza, na mizani ingesema baadaye. Wazazi wangeombwa ridhaa, na asiyetaka aachwe kwa heshima. Mama Povu akafundishwa kujaza fomu. Mumewe, fundi seremala, alimtania nyumbani kwamba sasa ameoa profesa, basi chakula atajipikia mwenyewe. Wala haikuwa mzaha: miezi ile alijipikia kweli.

Mwezi wa kwanza hesabu zilikataa. Wanawake kadhaa walishikwa na kizunguzungu, ilhali mizani ilionyesha damu kidogo. Mkunga mkuu akashuku mizani. Mama Povu akahesabu vitambaa. Alivyopewa mzazi mmoja vilikuwa sita, vilivyorudi, vinne.

Hakumgombeza mtu. Alikwenda kuketi kando ya kitanda cha mzazi huyo, msichana aliyejifungua mtoto wa kwanza, akiuguzwa na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amefunga vile viwili ndani ya mfuko, chini ya kitanda, na alisema wazi kwamba damu ya mwanamke haipewi wageni.

“Mwenzangu, nimefua damu ya wanawake wa mji huu mzima,” Mama Povu alimwambia, “na sijawahi kumtambua hata mmoja kwa damu yake. Niruhusu nipime tu hapa mbele yako, kisha mfuko wako nikurudishie.”

Mama mkwe alifikiri kidogo, akauvuta mfuko kwa mguu. Tangu siku hiyo mizani ililetwa kando ya kitanda badala ya vitambaa kupelekwa kwenye mizani, na mifuko ikaacha kufichwa.

Aliyebaki bila kushawishika ni daktari bingwa. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amezalisha maelfu na aliyaamini macho yake. Siku ya mkutano wa wodi Mama Povu alipanga mbele yao mabeseni matatu ya vitambaa alivyovilowesha kwa maji yenye rangi nyekundu, akamwomba kila mmoja akisie. Daktari alikisia beseni la tatu kuwa mia tatu na hamsini. Mizani ikasema mia saba na ishirini. Wauguzi wakatazama viatu vyao.

“Daktari,” alisema Mama Povu kwa upole, “mwenye macho haambiwi tazama, lakini huambiwa pima.”

Daktari ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akaomba akisie tena, akakosea tena, na jioni ile ile akatia saini mizani inunuliwe kwa kila chumba cha kuzalia.

Utafiti ulipokamilika, ulionyesha kwamba makadirio ya macho yalikuwa hayawatambui zaidi ya nusu ya wanawake waliotoka damu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, waliogunduliwa kwa kuchelewa walishuka kutoka kumi na tisa hadi wanne, na katika hao hakufa hata mmoja. Hospitali nyingine mbili zikaomba kufundishwa.

Mkunga mkuu alisisitiza jina la mfuaji liandikwe kwenye ripoti pamoja na la kwake na la daktari. Fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza cheo. Karani akapendekeza “msaidizi wa utafiti”, akiona ndilo lenye heshima zaidi. Mama Povu akamwomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MFUA NGUO. Jumatatu iliyofuata alikuwa mbele ya wanafunzi kumi na wawili wa ukunga, mikono ya gauni ameikunja, anawagawia vitambaa vilivyolowa na kuwataka wafumbe macho kabla ya kusema kitu.