Ndege ya Siku ya Posho

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomdanganya mama yangu nikiwa nimefunga vifungo vyote vya koti langu la ofisini.

Lakini kwanza ninyooshe kumbukumbu. Kwenye matanga ya dada yangu Ngoie nilisikia watu wazima, wenye mvi kama zangu, wakinong'ona kwamba wasichana waliohudumia abiria ndani ya ndege enzi za Zaire walikuwa wanawake wa marubani na wakubwa. Jambo hilo linanichukiza. Mimi niliandika vizazi, ndoa na vifo katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, hadi nilipostaafu. Sipendi marehemu aandikiwe lisilo lake. Ngoie aliipata kazi ile kwa mtihani, akaifanya kwa heshima, na viatu nilivyoingia navyo ofisini siku ya kwanza alinivisha yeye.

Wakati huo tulikaa Ruashi, si mbali na uwanja wa ndege. Kila Jumamosi, ambayo huku kwetu tunaiita siku ya posho, ndege ya Ngoie ilitua kutoka Kinshasa, ikakaa kidogo, ikarudi. Wahudumu hawakuruhusiwa kutoka. Basi mama alikwenda kwa miguu hadi kwenye waya wa uzio wa uwanja, amejifunga kitenge cha manjano ili aonekane, akangoja Ngoie asimame juu ya ngazi kuwaaga abiria. Hapo alipaza sauti: "Ngoie ee! Ulisha kula?" Hebu fikiri, kumwuliza hivyo mtu ambaye kazi yake ni kugawa chakula angani! Ngoie hakuweza kujibu kwa kelele. Alivua kofia, akajipapasa tumbo mara mbili. Mama alirudi nyumbani ameshiba yeye.

Mimi nilikuwa karani mpya. Ikatokea mkuu wangu wa ofisi akarudi safarini kwa ndege hiyo. Jumatatu akaniuliza mbele ya wenzangu, akiniita "mwananchi" kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi enzi hizo: "Citoyen, ule mama mwenye kupigia ndeke makelele, haiko mama yako?"

Mwenzangu wa meza ya pili akadakia: "Anauliza ndeke kama ilisha kula mafuta!"

Wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao. Mkana kwao ni mtumwa, walisema wahenga, na siku ile nilijiuza kwa kicheko.

Jumamosi iliyofuata, mama akiwa anajifunga kitenge chake, nilimwambia: "Mama, tulipata barua kule ofisini. Ile ndeke ya posho balisha kuitosha. Haitapita tena."

Hakukuwa na barua yoyote. Mama hakujua kusoma; nyumbani mwetu, neno la karatasi lilikuwa neno langu. Alifungua kitenge, akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Sasa sikiliza. Pale Ruashi ndege hupita juu ya mapaa. Mama aliisikia. Jumamosi tatu alisimama uani akaitazama ikishuka, akasema: "Ile iko ingine." Aliyakanusha masikio yake ili asimkanushe mwanawe.

Wiki ya nne, katika foleni ya watu waliokuja kuandikisha mambo yao, nilimwona baba mukubwa Kalenga, kaka wa marehemu baba yetu, dereva mstaafu wa garimoshi. Nikamwita aje mbele. Akakataa, akangoja zamu yake. Alipofika mezani kwangu alivua kofia.

"Nakuya kuandikisha kifo."

"Kifo cha nani, baba?"

"Ya ndeke ya posho. Weye ndiye ulisema ilikufa. Andika: saa gani, fasi gani, shahidi ni nani. Juu miye niliisikia juzi juu ya nyumba yangu, inalia kama muzima."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama, akaniambia polepole kwamba Ngoie alikuwa amemtuma mfagiaji wa uwanja kwake na maneno haya: "Uliza mama kama alinikasirikia juu ya hii kazi. Kama ni vile, nitaiacha." Kisha akagusa kalamu yangu kwa kidole. "Bantu banakuamini juu ya hii. Usiifanye fimbo ya kupigia mama yako."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale mezani. Jioni ile nilimwambia mama yote. Hakunigombeza. Alisema tu: "Kama ulisikia haya, ungeniambia. Ningesimama mbali kidogo."

Nimekaripiwa na wakuu wengi katika utumishi wangu, mwanangu. Hakuna karipio lililonifika kama hilo.

Jumamosi nilikwenda naye, nimevaa koti lile lile. Ngazi ikasogezwa, Ngoie akatokea. Mama, kwa ajili yangu, akanyamaza. Basi nikapaza sauti mimi, nikimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu: "Yaya Ngoie! Ulisha kula?" Watu waligeuka. Ngoie akavua kofia, akajipapasa tumbo mara mbili. Kazi hakuiacha.

Mama alitangulia mbele ya haki. Ngoie alistaafu, akaugua, na wiki ya mwisho hakuweza kusema tena. Nilimwuliza, "Yaya, ulisha kula?" Mkono ulipanda polepole hadi tumboni, ukagusa mara moja. Ya pili sikuiona.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Cheo ni dhamana. Ukipewa, watu watakuamini kuliko masikio yao wenyewe, na wa kwanza atakuwa mama yako; imani hiyo usiifanye pazia la kufichia haya yako. Ukiona haya, sema kwamba unaona haya. Itakuuma siku moja tu. Na ukisikia mtu anamwongezea marehemu lisilo lake, usicheke pamoja naye.

Mungu akujalie mtu wa kukungoja kwenye waya, na akupe koo la kuwaita walio wako mbele za watu. Nenda salama, mwanangu. Na kabla hujaondoka, kula.