Nilipomtafuta Mchezaji wa Nne

Haya, chekeni sasa mmalize kabisa, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Ndiyo, ni mimi Sudi, bodaboda wa Ndagoni, mtu mzima na ndevu zangu, niliyeanguka na ua wa makuti katikati ya wanawake mchana kweupe, tena nyumba yenyewe ya wakwe zangu watarajiwa, tena mwenye nyumba yuko eda. Mnayoyasikia mitaani yametiwa chumvi (eti nilikuwa na taulo, uongo mtupu, nilivaa msuli na fulana), kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mchezo wenyewe mnaujua. Tulikuwa watatu, mimi, Bakari kinyozi, na Mwalimu Elia, yule wa Iringa anayefundisha sayansi shuleni kwetu. Jioni tunakaa mbele ya banda la Bakari, kila mtu na simu yake, Bakari anawasha hotspoti, tunaingia pamoja kwenye mji uliojaa mazombi, tunalindana, tunagawana risasi, mwenzetu akiangushwa tunamwinua kabla hajatafunwa, mpaka tufike ngomeni. Mimi katika kuinua wenzangu sikuwa hodari, niseme ukweli. Mimi nilikuwa hodari wa kufika ngomeni.

Siku moja akaingia mtu wa nne. Hotspoti ya Bakari haikuwa na neno la siri (Elia alikuwa akilisahau kila siku, tukaliondoa), basi tukashtukia kuna mtu pembeni yetu, jina lake limeandikwa Mgeni, haandiki kitu, hasemi kitu. Lakini jamani, mtu yule! Bunduki hana habari nayo, amejaza dawa tupu. Ukianguka anakuja, hata uwe umezungukwa namna gani, anakuinua halafu anaendelea na safari zake. Na ikitolewa adhana anaganda palepale, mazombi wanamla na yeye wala hajali.

"Huyo ni mwadhini," Bakari akaapa.

"Mwadhini ana simu ya kitochi," nikamwambia. "Huyo ni Shabani, yule mwanafunzi wa hapo jirani, si amerudi likizo?"

Elia akatikisa kichwa. "Hotspoti haivuki nyumba nyingi. Awe nani awe nani, yuko hapahapa. Pengine anatuona."

Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikawa nakunywa chai namuwaza Mgeni, nimepakia abiria wa Kilindoni namuwaza Mgeni, mpaka abiria mmoja akaniuliza kama naumwa.

Sasa hapa niwaeleze jambo ambalo wengine hamlijui. Posa yangu kwa Zuhura ilikuwa imeshapelekwa. Kabla hatujajibiwa baba yake akafariki, Mungu amrehemu, na mama yake, Bi Mwanaidi, akakaa eda. Nyumba yenye eda mnaijua, mjane yuko ndani, mwanamume asiye maharimu wake hamuoni, na habari za posa zinawekwa kando mpaka atoke. Mama yangu aliniita akaniambia, "Sudi mwanangu, kipindi hiki nakuomba kitu kimoja tu, usisikike." Basi, usisikike. Kazi rahisi kama hiyo ikanishinda.

Elia ndiye aliyetoa akili. Kwenye mchezo kuna king'ora, ukikipiga mazombi wanakifuata, na kinalia kwenye simu za wote. "Bakari apige king'ora," akasema, "wewe Sudi punguza sauti ya simu yako, zunguka nyuma ya nyumba, usikilize kinalia wapi." Nikaondoka nanyata kama mtu aliyeiba kuku, sikio moja ukutani. Nyumba ya kwanza kimya. Ya pili, mtoto analia. Nilipofika kichochoro cha nyuma, nikakisikia! Kilikuwa ndani ya ua mrefu wa makuti, ule unaozunguka nyumba ya kina Shabani ukaungana na wa kwa Bi Mwanaidi, na ukiwa nyuma huwezi kujua kwa nani kunaishia wapi. Nikajiambia ni kwa kina Shabani. Kwa nini nilijiambia hivyo? Kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Ningepiga hodi tu, jamani! Hodi moja! Lakini nilitaka nimkamate na simu mkononi asipate pa kukanusha. Palikuwa na gogo la mnazi, nikalipanda, nikashika ua, nikachungulia, na zile nguzo (kumbe mchwa wameshazimaliza zamani) zikalia kraa, tukaenda chini wote, mimi na makuti.

Nilipofumbua macho niliona miguu. Wanawake wamekaa kwenye jamvi wanasuka ukili, wamekuja kumliwaza mfiwa, na karibu yangu kabisa ni Bi Tatu, ambaye sauti yake akiwa Ndagoni wanaisikia mpaka Jibondo.

"Mwanamume! Mwizi! Mwanamume!"

Nami nikiwa nimelala kifudifudi nikasema, "Shikamooni." Wallahi nilisema. Na bibi mmoja kwa mazoea akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Pembeni alikuwepo Bi Mwanaidi na nguo zake nyeupe za eda. Alijifunika uso upesi kwa kanga, lakini simu ikamponyoka ikaangukia jamvini. Yangu nayo ilikuwa imerukia hapohapo. Bi Tatu akazitazama. Barabara ileile, mazombi walewale, taa nyekundu ya king'ora inawaka huku na huku kwa pamoja. Akatazama moja, akatazama nyingine, akanitazama mimi.

"Mwanaidi! Ndiyo nini hii? Unacheza na vijana wa kiume na eda yako?"

Bi Mwanaidi akasema kwa sauti ndogo, chini ya kanga, "Sudi, waambie. Nimewahi kusema nanyi hata neno?"

Jibu lilikuwa fupi, hapana, basi. Mimi nilifanya nini? Nilinyakua simu yangu nikatimua mbio kupitia palepale nilipobomoa, kandambili moja nikaiacha.

Elia aliponiuliza, nikamwambia yote. "Umemwacha peke yake?" akasema. "Yule anayekuinua kila siku?" Bakari akazima hotspoti. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa unasema mjane wa watu anachezea eda, na mama yangu alikataa kula.

Eda ikaisha. Mama akaenda kuulizia posa, akarudi na maneno haya, Zuhura amekubali, mama yake hajakubali, na anamtaka Sudi aende mwenyewe, apite mlangoni, na wanawake wa siku ile watakuwepo.

Nikaenda. Wote walikuwepo, na Zuhura yuko nyuma ya pazia, namsikia anapumua.

"Zuhura ndiye aliyeniwekea mchezo ule," Bi Mwanaidi akaanza. "Nyumba ilikuwa kimya, Sudi. Mume wangu alizoea kuniita tangu mlangoni. Mle ndani ya simu nikawa nasikia watu wanaitana, mtu anaomba msaada, nikawa nawafuata. Nanyi nilikuwa siwajui. Halafu nikaanguka mimi, nikakuita, ukakimbia."

Nikawageukia wanawake. "Mama zangu, hakuwahi kutuambia neno. Hatukujua hata kama ni mwanamke. Mimi ndiye niliyechungulia, na nilipotakiwa kusema kweli nikaogopa nikamwachia aibu yangu. Bi Mwanaidi, nimekukosea, nisamehe."

Wakarudi kusuka ukili wao. Nikajua posa imekataliwa. Mara Bi Tatu akaweka ukili wake chini, akakohoa.

"Na hao mazombi wenyewe," akasema, "wakoje? Hebu tuoneshe."

Kicheko kilichozuka hapo! Hata nyuma ya pazia mtu alicheka. Bi Mwanaidi akafuta macho, akaniambia, "Kamwambie mama yako alete wazee." Nilitoka pale sioni njia.

Ua nimeujenga upya kwa mikono yangu, Bi Tatu amesimama ananikosoa kila fundo. Na naapa mbele yenu, nyumba ya mtu sichungulii tena. Ndani kulie king'ora, kungurume simba, nitasimama mlangoni nipige hodi, nisipojibiwa niondoke zangu na udadisi wangu.